Len wa West Allis Yuko Hewani

Leonard Jaskulski alizima redio ya jikoni kwanza, kwa sababu redio huchelewa kidogo, na mtu akiongea huku anajisikia tena kwa nyuma huchanganyikiwa. Kisha akabandika simu sikioni akasubiri zamu yake. Alikuwa mpigaji simu wa siku nyingi katika kipindi cha michezo cha jioni, kile ambacho Milwaukee nzima husikiliza ikitoka kazini, na mtangazaji wake, Buzz Kettner, alimtambulisha kwa jina moja tu na mtaa wake: Len wa West Allis. Jina hilo Len alilipenda kuliko alilobatizwa. Akiwa duka la soseji, mtu akamuuliza, "Si wewe yule wa redioni?", basi siku hiyo hata goti lake bovu halikuuma.

"Len wa West Allis yuko hewani! Haya mzee wangu, leo unalalamikia nini?"

"Silalamiki, Buzz. Namjibu huyo bwana aliyenitangulia. Eti Korongo wanaharibikiwa kwa kuajiri watu wa takwimu!"

Korongo ndiyo timu yao ya besiboli. Wakati huo msimu ulikuwa bado, theluji imefika magotini, na watu wa kule, kwa kukosa mechi za kugombania, waligombania maneno.

"Na amesema kwa adabu huyo," Buzz akasema. "Mimi nasikia sasa wanatafuta hata waandishi wa mtandaoni. Wa mtandaoni, Len! Watu wanashinda na nguo za kulalia nyumbani kwa wazazi wao, gongo la besiboli hawajawahi kulishika, halafu ndio waende ofisini kutuchagulia warushaji wa mpira. Hebu ngoja, si na binti yako ni mmoja wao? Binti Kikokotoo! Mwambie anipigie mahesabu ya kodi yangu."

Kule studio wakabonyeza kile kicheko chao cha mashine. Masikio ya Len yakawaka moto. Ni kweli Noreen aliishi naye, chumba cha juu. Ni kweli hakuwahi kushika gongo. Lakini alichoandika Noreen kuhusu besiboli, Len alikuwa wa kwanza kukisoma, mezani, asubuhi, kikiwa kimechapwa kwa herufi kubwa na Dolores, dada yake Len, kwenye mashine ya ofisi ya parokia. Halafu alikipeleka kwenye ukumbi wa mchezo wa boling akawagawia wenzake, nao wakakitandika chini ya glasi za bia. Hilo alilivumilia. Hili la leo, mbele ya mji mzima, lilimshinda.

"Sikiliza wewe," akasema. "Huyo unayemcheka, Korongo walimwita Jumanne. Wakamkalisha na wakubwa watupu. Wakamuuliza habari ya Arrocha, yule mrushaji wa mkono wa kushoto wa timu ya milimani, ambaye kila mtu anaupiga mpira wake. Akawaambia, mpira wake haupindi kwa sababu kule juu hewa ni nyepesi, mleteni huku chini ziwani kwenye hewa nzito muone utakavyopinda. Wakubwa wakaandika! Wewe Buzz, tangu uzaliwe, nani amewahi kuandika ulichosema?"

Halafu Buzz, kwa sauti ya mtu aliyeokota pochi, akauliza, "Ngoja, Len. Umesema Arrocha?"

Len akakata simu. Dolores alikuwa kwenye sinki, kisu mkono huu, kiazi mkono huu, amesimama tuli.

"Leonard, umefanya nini?"

"Nimemtetea mtoto."

"Umemtetea au umemzika?"


Noreen alirudi na giza la saa kumi na moja la majira yale. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Len. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni akaanza kufungua kamba za buti, taratibu, kama mgeni.

"Baba, nilikuambia nini Jumanne?"

"Ulisema nisimwambie Dolores."

"Asante sana," Dolores akasema kutoka jikoni.

"Nilisema usimwambie mtu. Nilikuambia wewe kwa sababu nimeshindwa kukuficha kitu tangu niko mdogo. Yule mama wa Korongo alinishika mkono mlangoni akaniambia, uliyoyasikia humu yabaki humu. Nikatoka hapo moja kwa moja nikaja kukuambia wewe. Mimi nina akili kweli?"

Kabla Len hajajibu, simu ya binti ikalia. Alikuwa huyo huyo mama, Ingrid Tolliver, mkuu wa utafiti wa Korongo. Len alisikia upande mmoja tu. "Ndiyo... Ndiyo, ni baba yangu... Naelewa... Hapana, naelewa." Buti moja iko mguuni, nyingine mkononi inadondosha maji.

"Kazi wameisimamisha," Noreen akasema alipomaliza. "Timu ya milimani wameshapiga simu kuuliza kama ni kweli Arrocha anatakiwa. Wakijua hivyo watamng'ang'ania, au watataka wapewe nusu ya timu. Jumatatu nisiende kusaini. Nisubiri."

"Si nipige nimwambie Buzz kwamba..."

"Baba. Usiguse simu."

Akapanda juu na soksi moja imelowa. Len akabaki anatazama kidimbwi pale sakafuni.

Tuseme ukweli, huyu binti alikuwa ameingoja nafasi hiyo ujana wake wote. Alifundisha takwimu kwenye chuo cha mtaa, kwa mkataba ambao kila muhula aliuombea upya kama mtu anayeomba msamaha. Usiku na wikendi aliandika bila kulipwa. Walioandika kama yeye walikuwa wengi nchi nzima, na ofisi za timu zilipookota mmoja, wengine walimpongeza kwa meno nje na roho ndani inawauma. Na walipookota, waliokota vijana wa kiume waliosoma pamoja na vijana wao. Jumanne ile Noreen alipofika mapokezi amevaa koti jeusi la Dolores la mazishi, msichana wa pale alimwonyesha jiko, akidhani ameleta chakula cha mchana. Alilisimulia hilo nyumbani akicheka, ila Len hakucheka.


Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa watu wa kule hula samaki wa kukaanga, mwenye dini na asiye na dini. Len hakutaka kwenda. Dolores akamwambia asipoonekana ndio watasema zaidi. Basi wakaenda ukumbi wa parokia, na Len alipoingia tu watu wakampigia makofi.

"Len! Arrocha anashuka lini?"

"Mwacheni apite, huyu sasa ni mkubwa wa timu!"

Mzee Stan Budzik, mwenzake wa kiwandani enzi zile, alimvutia kiti. "Mimi nilidhani zile karatasi za Noreen ni za kuwekea bia. Kumbe! Umetufunga mdomo, bwana."

Siku nyingine yoyote Len angekula maneno hayo kuliko samaki. Siku hiyo kila pongezi ilimchoma, kwa sababu aliona wazi: kadiri walivyomwamini, ndivyo Noreen alivyozidi kuzama. Na baa ya ukumbi ilikuwa na redio, imefunguliwa kwa Buzz kama kawaida.

"Baada ya matangazo," Buzz alikuwa anasema, "tunaye mwandishi kutoka kule milimani. Tutamuuliza kama Arrocha yuko sokoni. Habari mliisikia hapa kwanza, kwa Len wa West Allis!"

Ukumbi ukashangilia. Len akatazama sahani yake, samaki, mkate wa shayiri, kabichi, hajagusa kitu. Akasimama akaenda kwenye chumba cha makoti, akasimama katikati ya makoti yaliyolowa, akapiga namba ambayo vidole vyake viliijua vyenyewe. Wakamtanguliza mbele ya wote.

"Mwenyewe huyu hapa! Len wa West Allis yuko hewani!"

"Buzz," Len akasema, "nilidanganya."

"Sehemu gani?"

"Yote. Hakuna aliyemwita binti yangu. Ulimcheka, nikakasirika, nikatunga. Hilo jina la Arrocha nililiona gazetini."

Sauti yake ilimfuata kutoka baa, nyuma kidogo ya mdomo wake, na alisikia ukumbi unavyonyamaza, meza moja baada ya nyingine. Buzz naye alikuwa na furaha isiyo na aibu. Habari imemfia mkononi, lakini amepata kichekesho, na kwa mtu kama yule yote ni mamoja. Akabonyeza mlio wa kengele ya kanisa.

"Mabibi na mabwana, Len ameungama! Hebu niambie ukweli, mzee wangu. Ulikuwa umekunywa?"

Tangu amzike mkewe Marge, Len hakuwa ameonja hata bia, na kwa Milwaukee, mji wa bia, hiyo si ahadi ndogo. Alimwapia mbele ya kaburi, na ukumbi mzima ulijua, maana nusu yao walikuwepo pale makaburini. Alitambua pia kwamba mtu mzima akisema ametunga, watu hujiuliza kwa nini. Akisema alilewa, hakuna anayejiuliza tena.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa nimelewa."

"Basi pumzika kidogo, Len. Tukikuhitaji tutakupigia sisi."

Alipotoka kwenye makoti hakuna aliyemtazama. Stan Budzik alikuwa anachambua miiba ya samaki asiye na miiba. Dolores ndiye aliyesimama, akavuka ukumbi wote polepole, akamshika kaka yake mkono mbele ya kila mtu.

"Twende zetu nyumbani," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka baa. "Samaki wenyewe leo ni wabichi."


Noreen alikuwa mlangoni bila koti, ameshasikia.

"Hukuwa umekunywa."

"Wewe unajua. Inatosha."

"Haitoshi! Umelitaja hilo mbele ya rafiki zake mama! Nani alikutuma?" Alikuwa analia na kufoka kwa pamoja, anampangusa baba yake theluji mabegani kwa vibao kama mtu anayekung'uta zulia. "Nilikuambia usiguse simu. Kwa nini hunisikii?"

"Nimekusikia. Nimetumia simu ya Dolores."

Binti akachukua yake, akabonyeza, akaiweka mezani ili wote wasikie. Len akapunga mikono yote miwili, usipige, usipige. Haikusaidia.

"Bi Tolliver, ni Noreen Jaskulski. Jana baba yangu alisema kweli, leo amesema uongo. Mimi ndiye niliyemwambia, baada ya kukuahidi wewe. Kosa ni langu. Kama kazi haipo, basi haipo. Ila baba yangu si mlevi, na sitaki mtu anayenijua aamini hivyo."

Upande wa pili ikasikika kalamu ikiwekwa mezani.

"Asante kwa kuniambia," yule mama akasema. "Usimwambie mwingine." Akakata.

"Umeiua," Len akasema, amekaa chini na koti lake. "Nimeifufua, ukaiua tena."

"Na iwe," Noreen akasema. Akamvua kofia.


Siku zilizofuata nyumba ile ilikuwa na ukimya wa mgonjwa. Jioni redio haikuwashwa. Len hakwenda boling. Asubuhi moja walikuta chupa ya bia imesimikwa kwenye theluji mbele ya ngazi, imefungwa utepe mwekundu, na Dolores akaitwaa bila neno akaenda kuimwaga kwenye kinyesi cha mbwa wa jirani. Noreen alifundisha, akarudi, akasahihisha mitihani. Kila simu ikilia, watu watatu waliacha kutafuna.

Kisha Tolliver akapiga, akaomba aongee na wote wawili. Simu ikawekwa tena mezani, katikati ya siagi na chumvi.

"Ijumaa ile ile timu ya milimani walinipigia," akasema. "Walikuwa wanacheka hawana mbavu. Wakaniomba radhi, eti walinisumbua kwa ajili ya mzee mlevi wa redioni. Mazungumzo yetu yako pale pale yalipokuwa. Noreen, nafasi yako ipo. Utasaini karatasi kali kuliko za wenzako, na ukirudia, siku hiyo hiyo unatoka. Hilo la kwanza." Akakohoa kidogo. "La pili, Bwana Jaskulski, sina haki ya kukuomba. Ile kauli ya Ijumaa. Unaweza kuiacha ilivyo?"

"Mpaka lini?" Len akauliza.

"Sijui. Hata Arrocha akija. Tutafanya biashara na watu wale miaka mingi. Wakijua habari ilikuwa ya kweli, na sisi tukakaa kimya..."

"Hapana," Noreen akamkatiza. "Samahani, Bi Tolliver, lakini hapana. Kwa bei hiyo siitaki. Yeye aitwe mlevi maisha yake yote ili mimi nikae ofisini?"

"Noreen," Len akasema.

Hakuwa amemwita kwa sauti ile tangu alipokuwa msichana wa shule. Alikuwa ameweka viganja vyote mezani.

"Bei hiyo ni yangu, si yako. Nimeshailipa. Usinirudishie, utaniaibisha." Akainamia simu. "Mama, iacheni ilivyo. Na mkampe kiti kizuri. Mgongo unamsumbua."


Waandishi wa mambo haya wana desturi yao. Timu ikimchukua mmoja, huandika makala ya mwisho ya kuaga, na tangu siku hiyo hanyanyui tena kalamu hadharani. Anachokijua kinakuwa mali ya klabu. Wasomaji wake humpongeza na kumlilia kwa sentensi moja, kama bibi harusi anayepelekwa mbali. Noreen aliandika ya kwake Jumamosi, na Dolores akaichapa kwa herufi kubwa, ya mwisho kabisa, akaileta mezani na mkate.

Len aliisoma kwa kidole, mdomo unachezacheza. Akafika chini, akarudia mahali pale, akaivua miwani akaifuta, akaivaa. Iliandikwa hapo kwamba msomaji wake wa kwanza husoma kwa herufi kubwa jikoni, na kwamba mtu huyo hajawahi kusema uongo katika maisha yake isipokuwa mara moja, na mara hiyo ilikuwa zawadi.

Len akachukua penseli ya Dolores ya kujazia fumbo la maneno.

"Hii futa."

"Baba, hiyo ndiyo sababu nimeiandika yote."

"Ni nzuri sana. Naipenda mpaka tumbo linaniuma. Lakini mtu wa milimani mwenye akili akiisoma, tumekwisha." Akaichora mstari, taratibu, mara mbili. "Weka kwamba unamshukuru shangazi yako kwa uchapaji."

"Hatimaye," Dolores akasema.

Noreen hakuwa ameingia kazini bado hata siku moja, na mzee alikuwa ameshaanza kulinda mlango. Binti akapanda juu kufuta.

Nakala ile yenye mstari wa penseli Len aliikunja, akaitia mfukoni mwa shati, upande wa ndani. Alipokwenda Jumapili makaburini, Marge akasomewa yote.


Arrocha alinunuliwa theluji ikiyeyuka, siku chache kabla ya mechi ya kwanza. Bei ilikuwa ya kawaida, magazeti yakaandika habari fupi, wengine wakakejeli kwamba Korongo wameokota kilichotupwa. Noreen alirudi kutoka kazini jioni hiyo na kofia yenye korongo, akajikalia kula kimya. Nyumbani hakuwa akisema neno la kazi. Len naye hakuwa akiuliza. Ule ubishi wao wa besiboli wa kila asubuhi ulikuwa umekwisha, na hilo lilimuuma zaidi ya alivyotarajia. Sasa walizungumzia goti lake na mifereji ya paa.

Simu ya ukutani ikalia. Len akainua.

"Len wa West Allis yuko hewani!" Buzz mwenyewe, anafoka kwa furaha. "Safari hii tumekupigia sisi, mzee wangu! Arrocha amekuja! Na jina la binti yako liko kwenye orodha ya wafanyakazi, nimeliona kwa macho yangu! Ulikuwa unajua! Hukulewa wala nini. Yaani ulitufumba macho mji mzima! Sema tu, Len, useme ukweli, nikuombe radhi hapa hapa watu wasikie!"

Noreen aliweka uma chini. Dolores alikuwa ameshika bakuli la viazi hewani. Kule baa ya parokia, Stan Budzik na wenzake walikuwa wanasikiliza. Len aliwaona kana kwamba amesimama mbele yao. Neno moja tu. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, tamu kama nini.

Akamtazama binti yake, na ile kofia.

"Buzz," akasema, "mimi nilikuwa nimelewa."

"Acha hizo, Len!"

"Chakari, bwana. Hata siku yenyewe siikumbuki. Muulize Dolores."

"Len! Basi niambie kitu kimoja. Huyu Arrocha, atafaa?"

"Huyo kijana wa mkono wa kushoto," Len akaanza, na Noreen akaacha kupumua. Mzee akamwacha hivyo kidogo, kwa utundu. "Sijui chochote. Ila naona baridi imepungua, au wewe unaonaje?"

Akakata simu, akavuka jiko kwa haraka ambayo goti lake halikuwa nayo miaka mingi, akawasha redio. Kwa kuwa redio huchelewa kidogo, aliiwahi sauti yake mwenyewe inasema alikuwa amelewa chakari. Akaisikiliza mpaka mwisho, amesimama, mgongo umenyooka. Noreen hakusema kitu, kwa sababu hakuruhusiwa. Alivua kofia yake ya korongo, akanyanyuka akamvalisha baba yake.